Mstari Uliofichwa Chini ya Zaburi

Umeme ulikuwa umerudi Kamina tangu asubuhi, na kila mwenye karatasi ya kuchapisha alikuwa amekimbilia kibanda cha kompyuta mbele ya gare, stesheni ya treni. Lucienne Monga, aliyevaa blauzi ya njano na kitenge cha mistari ya buluu, alikuwa akichapa bila kuinua macho wakati kijana mwenye ovaroli ya reli alipowapita watu wote na kuweka clé yake ya USB mezani.

"Nyuma, papa. Bale bote beko banangoja."

"Ni nyimbo za Mungu, mama. Mungu hapangi mulongo."

"Basi Mungu akuchapie."

Watu walicheka. Kijana huyo, Ambroise, fundi wa mabehewa na kiongozi wa kwaya ya parokia, alirudi nyuma ya mlolongo akangoja. Wiki iliyofuata hakujaribu kupita mtu. Alitaka foleni iwe ndefu, apate muda wa kumtazama.

Lucienne ndiye aliyemwonyesha jinsi programu ya kuandikia inavyoficha maneno. Unachagua mstari, unaamuru ufichwe, nao unatoweka kwenye kioo. Kitufe kimoja kinaurudisha. Tangu hapo faili ya nyimbo za misa ilikwenda na kurudi kati yao, ikiwa na maongezi yao chini ya nyimbo. "Ile robe ya kijani ilinifanya nifunge behewa vibaya," Ambroise aliandika kuhusu gauni lake. "Kunywa maji, chéri," Lucienne alijibu.

Wiki moja, kwa kumchokoza, Lucienne alificha mstari chini ya zaburi: "Mama yako iko anaimba sawa mbuzi ya mu mvula."

Ambroise alicheka peke yake, akarudisha clé kibandani, kisha akaingiwa na wasiwasi na kupiga simu.

"Bébé, ile ya mama uifute. Mwezi huu njo tunakuya kwenu kuomba muke."

"Ninafuta, chéri. Usiogope."

Lucienne alifungua faili, akabonyeza kitufe cha kuonyesha. Mistari mingine yote iliyofichwa ilijitokeza, isipokuwa ule. Alidhani Ambroise amekwisha kuufuta. Akafuta aliyoyaona, akamrudishia clé, na parokia ikachapisha kwa mashine yake yenyewe.

Jumapili, mama yake Ambroise, Mama Sephora, alipanda ngazi za altare na miwani yake kuimba zaburi. Alikuwa na desturi ya kuimba kila neno kama lilivyoandikwa, polepole, bila kusoma kwanza. Aliimba beti mbili. Kisha, kwa sauti ileile nyembamba, akaimba: "Mama yako iko anaimba sawa mbuzi..."

Akanyamaza. Lakini waumini walikuwa na karatasi mikononi, wakamalizia wenyewe kwa macho. Kicheko kilianzia benchi za nyuma. Mama Sephora alikunja karatasi, akashuka, akakosa ngazi moja na kuyumba. Hakuna aliyemshika, waliokuwa karibu walikuwa wakiziba vinywa. Lucienne alitazama viatu vyake mpaka misa ikaisha.

Jioni simu yake iliita.

"Lucienne." Hakusema bébé.

"Ambroise, niliitafuta ile maneno, haikuonekana. Nikasema weye njo ulifuta."

"Bingine yote uliona, ile moja tu hapana?"

"Njo vile."

"Mama hatoki mu chumba. Usiniite tena."

Kesho yake Lucienne alifanya jaribio. Baada ya kuusoma mstari ule, kabla ya kurudisha clé, Ambroise alikuwa ameiweka zaburi yote ndani ya jedwali, ili beti na kiitikio vikae sambamba. Aliandika sentensi moja, akaificha nje ya jedwali: kitufe kiliirudisha. Akaificha ndani ya jedwali: kioo kilibaki cheupe. Alirudia, matokeo yakawa yaleyale. Programu ilikuwa na kasoro. Mashine ya parokia, kwa upande wake, ilikuwa imepangwa kuchapisha hata yaliyofichwa.

Alimtumia Ambroise ujumbe. Alikuja na mikono myeusi kwa grisi, akatazama jaribio lote bila kukaa.

"Kumbe ni mashine," alisema. "Unisamehe, chérie. Twende tumuambie mama, ni mashine."

"Mashine ilichapa." Lucienne alijigusa kifuani. "Minyi njo niliandika."

Ambroise alijifuta mikono kwenye ovaroli muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Na minyi nilicheka."

Walimkuta Mama Sephora uani, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, akichekecha unga wa mahindi. Lucienne alipiga magoti.

"Mama, ile maneno ni minyi."

"Ninajua. Mashine haijue mbuzi." Hakuinua kichwa. "Juu ya nini?"

"Nilitaka mutoto yako acheke."

"Alicheka?"

"Nilicheka, mama," Ambroise alisema.

Chekeche ilisimama, kisha ikaendelea.

"Huyu nitamusamehe pole pole, ni wangu. Weye, siku ya Mungu utasimama pale ku altare na minyi. Zaburi ileile. Bantu balebale."

"Mama, sijue kuimba."

"Njo vizuri."

Jumapili Lucienne alisimama mbele ya kanisa lililojaa, kando ya Mama Sephora, wakaanza kuimba. Kwenye noti ya juu sauti yake ilipasuka. Kicheko kikaanza tena benchi za nyuma.

Mama Sephora aliacha kuimba. Alivua miwani, akazikazia macho benchi zile mpaka kanisa lote likatulia.

"Huyu ni muke ya mutoto yangu," alisema.

Kisha akampa Lucienne noti ya kuanzia, akangoja.