Jiko la Vifaranga Kando ya Platini

Nina umri wa miaka arobaini na minne. Nimeishi Longonot, nimepasua mbao Elburgon, nimezurura Nakuru mjini... na kila nifikapo nakumbuka nilikotoka. Mwaka wa 2007 nilirudi kwetu Mau Narok nikiapa sitahama tena. Nawasimulia haya nikiwa bado na hasira.

Mwaka huo Dakta Kaur, mwanakemia wa Nakuru, alileta mashine ya majaribio katika stoo ya zahanati yetu. Ilivuta haidrojeni kutoka mtungi uliokuwa nje, ikatoa stima bila kelele. Ndani yake mlikuwa na nyuzi za madini ya platini, nyembamba kuliko unywele mara nyingi. Akina mama wakaanza kujifungua chini ya taa nyeupe, na mimi, mtu wa kidato cha nne, ndimi niliyekuwa mlinzi wa mashine hiyo!

Sharti lilikuwa moja. "Mzee, hakuna kuwasha jiko kwa hii stoo," Dakta aliniambia. "Gesi ya makaa huioni, lakini inaganda kwa platini mpaka mashine inasongwa. Na haidrojeni ikivuja, mtalipuka."

Gichuki, kaka yangu, nilimweleza yote hayo. Nilipoenda Nakuru kuchukua mtungi mwingine, nilimwachia ufunguo. Ningemwachia nani, kama si mtoto wa mama yangu?

Baridi ya Mau Narok mnaijua. Gichuki alikuwa na vifaranga, na stoo ile haikupitisha upepo. Akawahamishia humo, akawasha jiko la makaa, akafunga mlango! Niliporudi alikuwa ameshawatoa. Usiku huo taa zilififia... kisha zikazimika, mama mmoja akiwa katikati ya uchungu. Alijifungulia kwenye mwanga wa koroboi.

Dakta alikuja akakuta majivu nyuma ya mashine. Kabla sijafungua mdomo, Gichuki akasema, "Daktari, huyu amezoea kutangatanga, baridi ya huku haiwezi. Ni yeye aliwasha."

Nilikuwa nimesimama pale pale. Dakta hakungoja nijitetee. Alibeba mashine yake akaenda.

Nilipombana Gichuki, hakukana. "Vifaranga wangekufa," alisema. "Na wewe utaondoka tu, kama kawaida. Si afadhali lawama iende na anayeondoka?"

Niliondoka mwanzoni mwa 2008. Wanawake wa kijiji hawakuitikia salamu yangu.

Wasomaji wenzangu, ukikabidhiwa kazi ya watu, usimwachie ndugu ufunguo kwa sababu tu ni ndugu. Mnyime, anune. Kununa kwake kutaisha. Lakini jina lako likishachafuliwa nyumbani kwenu, utalisafishia wapi?