Oili Ndani ya Rejeta

Kila asubuhi Agustina alikusanya maziwa ya majirani pale Kisaka, akayapeleka kwenye kituo cha maziwa mjini Mugumu kwa pikapu yao. Mumewe, Wangwe, alibaki na ng'ombe. Gari lilikuwa la zamani, lakini kaya nyingi zililitegemea, maana maziwa hayasubiri.

Mvua zilipoanza, Agustina aliona doa la oili chini ya gari. Aliongeza oili, akaendelea na safari. Baada ya siku chache oili ilipungua tena. Akaongeza tena. Kisha, asubuhi moja kabla ya kuwasha gari, alifungua mfuniko wa rejeta aongeze maji. Ndani alikuta uji mzito wa rangi ya kahawia, unaoteleza vidoleni.

Alimwita mumewe. Wangwe aliangalia, akaenda kumwita jirani. Jirani huyo, aliyewahi kuendesha malori, akawaambia kuwa injini imekwisha. Siku hiyo maziwa yalikwenda kwa pikipiki, yakachelewa, mengi yakachacha njiani. Wangwe akasema gari liuzwe kama chuma chakavu, wanunue ng'ombe wa kulima.

"Baba Robi, hatujajua linaumwa nini," Agustina alisema. "Fundi aliangalie kwanza. Akisema limekufa, nitauza mwenyewe."

Wangwe hakupenda, ila alikubali. Agustina hakutaka kuliwasha tena, asije akaiharibu injini. Walilivuta kwa trekta hadi Mugumu, kwenye gereji ya fundi Felistas Atieno.

Felistas alimwamkia Wangwe shikamoo, kisha akaanza na maswali. Oili ilianza kupungua lini? Gari linatoa moshi mweupe? Agustina alijibu yote. Moshi hakuwahi kuuona. Felistas akachomoa stiki ya kupimia oili. Oili ilikuwa nyeusi ya kawaida, haikuwa na weupe wa maji.

Akaosha injini kwa sabuni, akaifuta mpaka ikakauka. Akaiwasha ikiwa bado ya baridi, mfuniko wa rejeta ukiwa wazi. Hakuna mapovu yaliyotoka, dalili kwamba injini yenyewe haijapasuka. Akafunga mfuniko, akaacha injini ingurume kidogo. Punde oili ikaanza kuchuruzika sehemu moja tu, karibu na filta ya oili. Felistas akaizima.

Wangwe alitaka kufungua rejeta aone. Felistas akamzuia mkono.

"Mzee, injini ikiwa ya moto usifungue hapa. Maji yatakurukia usoni. Tusubiri ipoe."

Walipokuwa wanasubiri, aliwaeleza. "Pale panapovuja pana kipoza oili. Ndani yake oili inapita upande mmoja, maji upande mwingine, na maji yanapunguza joto la oili. Katikati kuna ukuta mwembamba. Ukitoboka, oili inasukumwa kwenye maji. Nadhani ndicho kilichotokea. Lakini sitaki kudhani, nataka kuona."

Injini ilipopoa, alimwaga maji na oili, kila kimoja kwenye dumu lake. Alisema oili chafu haimwagwi chini, isije ikafika kwenye maji ya bwawa la Manchira ambayo mji mzima unakunywa. Akafungua kipoza oili, akaziba tundu moja la upande wa oili, akakizamisha kwenye beseni la maji na kupuliza upepo kwa pampu kwenye tundu la pili. Mapovu yakapanda kutoka upande wa maji; ukuta ulikuwa umetoboka.

Wangwe aliinama karibu na beseni, akaangalia kwa muda mrefu.

"Kumbe ni hiki tu," alisema taratibu.

Aliuliza kama kinaweza kuzibwa kwa gundi. Felistas alikataa. Gundi ingeachia kwa joto, na injini ikikosa oili inakufa kweli. Waliagiza kipya Mwanza, pamoja na gasketi zake za kuzuia uvujaji. Kilipofika, Felistas alisafisha mahali pa kukikalisha, akaweka gasketi mpya, akakaza bolti kwa zamu ili zishike sawasawa. Akasafisha rejeta kwa dawa yake, akaisuuza tena na tena mpaka maji yakatoka safi. Mwisho akaweka filta mpya, oili mpya na maji mapya ya rejeta.

Injini iliwaka, ikapata moto. Hakuna tone lililoanguka. Ilipopoa walipima tena oili na maji, vyote vilikuwa sawa. Felistas alimtaka Agustina apime kila asubuhi kwa siku kadhaa, maana uchafu kidogo huweza kubaki kwenye mipira ya maji.

"Na oili ikipungua, usiongeze tu, mama. Tafuta inakokwenda," alisema.

Kesho yake maziwa ya Kisaka yalifika Mugumu mapema, yakapimwa, yakapokelewa yote. Agustina aliporudi nyumbani alimkuta Wangwe amesimama njiani anamsubiri. Wangwe alizunguka gari, akachungulia chini, akakuta pakavu. Kisha akafungua mlango wa dereva.

"Mama Robi," alisema, "nifundishe na mimi kuendesha."