Aletwe Mbele ya Jaji

Kila asubuhi Wayua hukaanga mandazi mbele ya nyumba yao Kawangware. Mumewe, Mutie, hutengeneza redio na simu katika kibanda cha mabati kando yake. Binti yao, Kalekye, huenda shule. Lakini Januari ya 2008 shule haikufunguliwa, na mandazi hayakununuliwa. Kura zilikuwa zimeleta vita. Watu walilala na viatu miguuni.

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, gari jeupe lilisimama mbele ya kibanda. Wanaume wanne wasio na sare walishuka.

"Wewe ndiye ulitengeneza simu ya Benard?" mmoja aliuliza.

"Benard gani?" Mutie alisema. "Mimi natengeneza simu za watu wengi."

Walimfunga pingu. Walibeba betri, nyaya na simu zote.

"Mnampeleka wapi?" Wayua alilia. "Amefanya nini?"

"Ugaidi. Na usiulize mengi, mama, tusije tukakubeba pia."

Siku tatu Wayua alizunguka vituo vya polisi. Kila mahali askari alifungua OB, kile kitabu kikubwa cha kuandikia kila anayekamatwa. Kila mahali jibu lilikuwa moja: "Jina hilo halimo." Majirani nao walianza kumkwepa. Mke wa gaidi, walinong'ona.

Ndipo Wayua alipomkumbuka Filister. Filister alifanya kazi katika ofisi ya msaada wa sheria. Mwaka uliopita alikuja kanisani kwao kuwafundisha akina mama habari za urithi. Aliishi Olympic, upande wa Kibera. Filister alikuwa Mjaluo, na Wayua alikuwa Mkamba. Wiki hizo watu walikuwa wakiuawa kwa sababu ya majina yao.

Alienda kwa miguu. Karibu na Olympic vijana wenye mapanga walikuwa wamefunga barabara kwa mawe.

"Jina?"

Wayua aliona hawezi kudanganya. Lafudhi yake ya Kikamba ingemfichua. "Wayua. Naenda kwa Filister. Polisi wameshika bwana yangu."

Vijana walitazamana. "Polisi?" mmoja alisema, akatema mate. "Pita, mathe. Pita haraka."

Filister alimkalisha, akampa chai, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama Kalekye, wamemfikisha kortini?"

"Hapana. Wanasema hata hawana mtu kama huyo."

"Basi wao ndio wamevunja sheria. Katiba inasema mtu akishikwa afikishwe kortini ndani ya saa ishirini na nne. Kama ni kosa la kunyongwa, siku kumi na nne. Na aambiwe amekosa nini. Tena Kenya imetia sahihi mikataba na nchi zingine. Hata anayeshukiwa ugaidi, asipigwe. Asifichwe. Asipelekwe nchi ambako atateswa."

"Lakini hiyo ni serikali, Filister. Nitaishtaki vipi?"

"Kuna njia. Tunaiomba Mahakama Kuu iwaamuru polisi wamlete mbele ya jaji, aonekane kwa macho, na waseme kwa nini wamemshika. Ombi kama hilo husikilizwa upesi. Sasa niambie kila kitu. Tarehe, saa, rangi ya gari, nani aliona."

Wayua alisema, Filister akaandika. Kesho yake Wayua aliapa mbele ya wakili kwamba maneno yale ni kweli, na ombi likapelekwa mahakamani. Jaji aliamuru Mutie aletwe Jumatatu.

Aliletwa. Wayua hakumtambua mara moja. Uso ulikuwa umevimba, na vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimevunjika. Mkono wa fundi! Polisi walikuwa na neno moja tu: Mutie aliwahi kubadilisha spika ya simu ya Benard, mtu waliyemshuku kuwa gaidi. Jaji aliamuru aachiliwe. Aliamuru pia apelekwe kwa daktari, na kila jeraha liandikwe.

Walipotoka kwa daktari pamoja na Filister, Mutie alisema kwa shida, "Benard bado yuko mle ndani walimonificha. Nimewasikia polisi. Keshokutwa wanampeleka nje ya nchi. Aliniambia mamake anaitwa Sella, anauza samaki wa omena Kisumu Ndogo, kule Kibera. Hajui mtoto wake yuko wapi."

Wayua aliwaka. "Huyo ndiye alituletea balaa! Na kama ni gaidi kweli?"

Filister ndiye aliyejibu.

"Pengine ni kweli. Jaji ndiye ataamua, akiletewa ushahidi. Lakini wiki jana ulipokuja kwangu, nilikuuliza kama bwana yako ana hatia?"

"Hapana."

"Nilikuuliza kama amefikishwa kortini. Basi."

Wayua aliitazama bandeji ya mumewe.

Asubuhi iliyofuata alienda Kisumu Ndogo. Sella alikuwa ameinamia omena zake. Aliposikia jina la mwanawe, aliketi pale pale kwenye matope.

"Yuko hai?"

"Jana alikuwa hai. Inuka, mama, siku ni moja tu. Alishikwa tarehe ngapi? Nani aliona?"

Siku hiyo hiyo jaji aliamuru Benard asitolewe nchini, bali aletwe. Siku mbili baadaye polisi walimtoa, akasimama kizimbani mbele ya hakimu, wakili kando yake. Alishtakiwa kwa kuficha baruti. Alikana. Hakimu alimpeleka rumande, katika jela inayojulikana, ambako watu wake wangeweza kumtembelea.

Kidole kimoja cha Mutie hakikunyooka tena. Kama Benard alikuwa na hatia, Wayua hakujua, na siku ile hakuuliza. Alisimama nyuma, ndani ya chumba cha mahakama, amemshika Sella mkono. Sella aliinua mkono wake mwingine juu, juu ya vichwa vya watu. Mwanawe alimwona. Akainua mikono yote miwili, maana ilikuwa imefungwa pamoja.