Mbegu Nane Zilizobaki

Chumba cha mbele kilikuwa sebule, na kilikuwa karakana pia. Cherehani ilikaa karibu na dirisha, vitambaa vilikaa kwenye kochi, na Mama alikaa kwenye kiti kilichobaki. Huyu alikuwa mama mzazi wa fundi cherehani. Macho yake yaliacha kuona mwaka uliopita, shamba likauzwa, naye akahamia kwa binti yake, ghorofa ya tatu. Alikuja na begi la nguo na pakiti ya karatasi yenye mbegu ishirini za matango.

Mbegu zile alizitunza mwenyewe, msimu hadi msimu, kwa miaka thelathini. Hapakuwa na mtu mwingine mwenye matango kama yale.

"Zipande, mwanangu," alisema. "Zikifa hizi, basi tena."

Fundi alichukua kumi na mbili. Alijaza udongo kwenye kopo la maziwa ya unga, akazamisha kila mbegu kwa kidole kizima, akamwaga maji, akaliweka kopo kwenye dirisha la jikoni. Ilikuwa miezi ya baridi. Mbegu nane alizirudisha kwenye pakiti.

Siku ya tano Mama aliuliza, "Zimeota?"

Fundi alitazama kopo. Udongo mtupu. Akautazama uso wa mama yake, uliokuwa ukingoja jibu.

"Zimeota, Mama."

"Ngapi?"

"Tisa."

Uongo ukishatoka hutaka wenzake. Siku ya saba miche ikawa na majani mawili mawili. Siku ya nane ikawa imenenepa. Mama alicheka kwa furaha, na fundi akawa halali vizuri. Njia ya mwongo ni fupi, naye aliuona mwisho wake kwa macho.

Siku ya tisa, Jumatano, Mama alisema, "Jumamosi nipeleke jikoni nikaishike. Nitaijua kwa kidole."

Sindano ilimchoma fundi. Alilifunika kopo kwa kitambaa, akashuka nalo ngazi mbio hadi chini kwa jirani aliyefanya kazi kwenye kitalu cha miche. Watu walimwita Mama Vikombe, kwa sababu kibaraza chake kilijaa vikombe vya miche mpaka mgeni akakosa pa kukanyaga.

Mama Vikombe alinusa kopo. "Hm! Fundi, hapa hukupanda. Umezika."

Alichimbua kwa kijiko. Mbegu ya kwanza ilibonyea kama uji. Ya pili vilevile. Zote kumi na mbili zilikuwa zimeoza.

"Nani anamwagilia?"

"Mimi, mchana."

Mume wa fundi alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kwenye tanuri la mikate, unga ungali kwenye nyusi. Alisimama. "Na mimi, asubuhi," alisema kwa aibu. "Nilikuwa na wasiwasi, mke wangu. Niliona udongo kama mkavu."

Nyuma yake alikuwepo binti yao mwenye sare za shule. "Na mimi nikitoka shule," alinong'ona.

Walitazamana wote watatu. Kila mmoja alikuwa akimwagilia kimyakimya, kwa hofu yake mwenyewe.

"Mvua tatu kwa siku!" alisema Mama Vikombe. "Na kopo halina hata tundu moja. Mbegu inataka maji, ndiyo, lakini inataka na hewa na joto. Nyie mmeipa maji na baridi. Zimebaki ngapi?"

"Nane."

"Basi hapo hatuchezi. Sikiliza. Ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu kwa muda wa saa nne, zisizidi sana. Kisha chukua kitambaa cha pamba kilichofuliwa. Wewe fundi, utakosa kitambaa?"

Fundi hakucheka.

"Kiloweshe, ukikamue mpaka kisidondoshe hata tone. Zifunge mbegu humo, uziweke kwenye bakuli, ufunike bila kubana. Weka mahali penye joto. Juu ya friji panafaa. Si jikoni kwenye moto, utazipika! Funua mara moja kwa siku, uone kama kitambaa bado kina unyevu. Utaona mkia mweupe. Huo ndio mzizi."

"Halafu?"

"Mzizi ukifikia urefu wa punje ya mchele, hamisha. Shika mbegu, usishike mzizi, maana huvunjika upesi. Kila mbegu na kikombe chake chenye matundu chini, kwa sababu matango hayapendi kusumbuliwa mizizi. Udongo uwe mwepesi: changanya mchanga kidogo na mboji iliyooza vizuri. Kina chake ni kucha ya kidole gumba, si kidole kizima. Na maji atie mtu mmoja tu, baada ya kugusa udongo."

"Na Jumamosi zitakuwa na majani?"

"Fundi, mbegu haina habari na Jumamosi."

Fundi akaeleza yote, machozi yakimlengalenga. Kisha akaonyesha kibaraza. "Nipe mche wako mmoja wa tango. Aushike tu. Hatajua."

"Miche ninayo," alisema Mama Vikombe polepole. "Lakini matango ya mama yako sina."

Fundi alipanda ngazi mikono mitupu. Alipiga magoti mbele ya kiti.

"Mama, nisamehe. Hazikuota. Nilikudanganya. Zimeoza."

"Zote kumi na mbili?"

"Zote."

Mama aligeuzia uso wake dirishani.

"Kuoza si kosa," alisema. "Mimi mwenyewe nimeozesha nyingi. Lakini siku hizi macho yangu ni maneno yenu. Ukinidanganya, unanipofusha mara ya pili."

Fundi alilia, na Mama hakumbembeleza. Alimwacha alie. Kisha akanyoosha mkono. "Zile nane ziko wapi? Zilete."

Walizilowesha siku hiyohiyo. Mama mwenyewe alikikamua kitambaa, akakiminya tena na tena mpaka akaridhika. Bakuli likakaa juu ya friji.

Siku ya kwanza, hakuna kitu. Siku ya pili, hakuna kitu. Fundi alishona mkono wa gauni ndani nje, akaufumua, akaukosea tena. Mumewe alilizunguka friji kama paka, lakini hakuthubutu kugusa.

Siku ya tatu fundi alifunua kitambaa. "Mama! Mikia! Minne!"

Siku ya tano ilikuwa saba. Mbegu ya nane ilikuwa laini na ilianza kunuka. Fundi aliishika kwenye kiganja. Kusema "zote" kungekuwa rahisi sana.

"Saba, Mama," alisema. "Moja imeoza."

"Saba zinatosha," alisema Mama.

Wakazipanda kwenye vikombe. Kazi ya maji alipewa Mama peke yake, maana kidole chake kilijua udongo kuliko macho ya wote nyumbani. Mara nyingi aligusa, akasema, "Leo hapana."

Baada ya siku nne udongo ulipasuka. Mara moja fundi alihamishia vikombe dirishani kwa cherehani, penye mwanga, miche isije ikarefuka kama vijiti na kuanguka. Alimshika Mama mkono, akamwongoza hadi kwenye kikombe cha kwanza.

Kidole cha Mama kiligusa jani, kikasimama.

"Ganda bado limeng'ang'ania," alisema. "Usilivute, litaanguka lenyewe." Akalipapasa tena jani. "Rangi yake ikoje?"

"Kijani, Mama. Pembeni lina umanjano kidogo."

"Na mwingine?"

"Huo umepinda. Unaonekana dhaifu. Sijui kama utapona."

"Endelea," alisema Mama, akivuta kiti karibu. "Niambie yote."

Fundi akazima cherehani, akamweleza miche yote saba, mmoja baada ya mwingine.