Pori Nalo Liandikwe

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mbishi alimsaidia mama yake kuanika mashuka ya hospitali. Mama alikuwa dobi, na kamba za kuanikia zilijaa uwani hadi mgeni alilazimika kuinama ili aufikie mlango. Jina la Mbishi alilitoa mama huyo huyo, kwa sababu binti yake akiambiwa ashike beseni, huuliza kwanza kwa nini si kaka yake.

Lakini siku moja hakuuliza. Alikuwa ameshika shuka lililofuliwa mara mbili, na bado lilikuwa na rangi ya chai.

"Ni maji hayo," mama alisema. "Tangu watu wa kiwanda cha mbao waanze kukata miti kule juu pembezoni mwa pori, kijito kinatuletea tope. Wakilimaliza pori lote, nitafua kwa mate?"

Pori lenyewe lilikuwa juu ya mji, miti imefungamana hadi jua halifiki chini, na kijito kilianzia humo. Tangu zamani watu wote waliliita pori. Hakuna aliyeona ubaya wowote katika jina hilo.

Jumamosi, kamati ya bunge ilikuja kusikiliza maoni kuhusu sheria mpya ya kuhifadhi misitu. Mama aliacha pasi, akaenda ukumbini na Mbishi. Karani alisoma rasimu huku watu wazima wakigombea viti. Mbishi alikuwa amebanwa mbele, karibu na meza, akasikia kila neno. Msitu wa asili hautakatwa wala kugawiwa mtu. Pori, yaani ardhi isiyo na matumizi, linaweza kukodishwa.

Kisha wenyeji wakaanza kusema. "Pori letu lisiguswe," alisema muuza maziwa. "Bila pori lile visima vitakauka," alisema fundi baiskeli. Mama naye akasimama. "Tunaomba mtuachie pori letu." Kila neno hilo lilipotajwa, mwenye kiwanda cha mbao alitabasamu kwenye kiti chake cha mbele.

Zamu yake ilipofika, alifunga kifungo cha koti kwanza. "Mheshimiwa mwenyekiti, sina la kuongeza. Wenyeji wenyewe wamekiri kuwa ni pori. Sheria inasema pori linakodishwa. Basi mimi nitalikodi."

Ukumbi ukavuma. "Tumejimaliza kwa midomo yetu," mama alinong'ona.

"Jamani, tulimaanisha msitu," muuza maziwa akajitetea.

"Mlichosema kimeshaandikwa, ndugu yangu," mwenye kiwanda akamjibu.

Hasira ilimpanda Mbishi hadi masikio yakawaka. Akanyoosha mkono. Mama akamvuta gauni, lakini mkono haukushuka.

"Shikamoo, mheshimiwa," alimwambia mwenyekiti, mwanamke mwenye miwani.

"Marahaba. Haya, sema."

"Hatukukosea. Ni pori, na tutaendelea kuliita pori. Aliyekosea ni yule aliyeandika kuwa pori halina matumizi. Alikuja lini kulitazama? Maji ya kufulia mashuka ya hospitali yanatoka humo."

"Binti, sheria ina maneno yake," mwenye kiwanda akadakia.

"Na sisi tuna yetu. Hiyo bado ni rasimu, ndiyo maana mmekuja kutuuliza. Jina hatubadilishi. Badilisheni sheria. Pori nalo liandikwe."

Nyuma mtu akarudia, "Liandikwe." Mara ukumbi mzima ukaitikia. Mwenyekiti aligonga meza na hawakunyamaza. Alipowaambia wanaounga mkono wasimame, alisimama hata fundi baiskeli, ambaye kiti chake alikipata kwa kupigana viwiko.

"Hoja imeingia," alisema mwenyekiti. "Na leo hii tutapanda kwenda kuliona hilo pori."

Walipanda kweli, wakarudi viatu vimelowa.

Mwaka uliofuata sheria ilipitishwa. Iliulinda msitu wa asili, pamoja na kila eneo la miti ya asili ambalo wenyeji huliita pori. Ukataji ulikoma, na kibao kikasimamishwa kule juu: HIFADHI YA PORI. Mvua zilipokwisha, kijito kikaanza kutakata.

Asubuhi moja mama alikung'uta shuka jeupe, akalitazama kwa muda.

"Unajua kwa nini ulishinda? Hasira tulikuwa nayo wote, lakini sheria ikisomwa sisi tulikuwa tunagombea viti. Wewe ulisikiliza kwanza, ndipo ukabisha. Ukitaka kutetea kilicho chako, jua kwanza kimeandikwaje. Ukikuta kimeandikwa vibaya, sema, hata wakikuvuta gauni. Haya, shika beseni."

Mbishi akafungua mdomo.

"Kaka yako anakuja na la pili," mama akamuwahi.

Mbishi alifikiri kidogo. Hapo hapakuwa na la kubishia, akashika beseni.