Mbele ya Watu Wasiotujua

Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo soko la Tabora halina nafasi hata ya kugeuka, na Najiat binti Mussa alikuwa akitembea kinyumenyume.

Mkono mmoja uliinua kijiti kilichobeba simu. Mwingine ulipeperusha kanga mpya ya rangi ya zambarau, huku akiwaeleza wafuasi wake, maelfu ya watu ambao hakuwaona na ambao hawakumjua, kwamba kitambaa kile hakichuji. Alivaa baibui jeusi lenye nakshi za fedha kwenye mikono, na mtandio wa rangi ya maziwa. Mizinga ya nyuki iliyopangwa nyuma yake hakuiona mpaka alipoiangusha, mitatu kwa mpigo.

"Dada, hata lori likirudi nyuma hupiga honi," ilisema sauti ya kiume.

Najiat aligeuka. Kijana mrefu mwenye shati la drafti lililokunjwa hadi viwikoni, unga wa mbao ya mninga ukiwa umemganda kwenye nyusi, alikuwa ameudaka mzinga wa nne kwa kifua.

"Na wewe kaka, nani kakwambia sokoni ni porini?"

"Shukuru nyuki hawajaingia. Wangekuwamo, saa hizi ungekuwa umeshafika Isikizya kwa miguu."

Wauza dagaa walicheka. Najiat alitaka kukasirika akashindwa.

"Unaitwa nani, fundi mwenye maneno?"

"Abdulatifu. Mama yangu huniita Latifu."

"Basi na mimi nitakuita Latifu."

"Mapema hivyo? Hata mzinga mmoja hujavunja."

Simu ilikuwa ingali inarekodi. Jioni ile picha za kuanguka kwa mizinga ile ziliwafurahisha watu hadi Dar es Salaam, nao wakaanza kudai: fundi wa mizinga yuko wapi, mlete tumwone. Hivyo penzi lao likazaliwa mbele ya mashahidi ambao hakuna aliyewaalika.

Latifu aliishi na mama yake mjane, Bi Kuluthumu, katika kijiji kilicho upande wa Kwihara, kwenye njia ya zamani ya misafara. Kila alipoleta milango na mizinga mjini alipita kwenye duka la nguo la Najiat, na siku ambazo hakuja walipigiana simu.

"Laazizi, umeona nilichoposti?"

"Nimekiona."

"Mbona hujaweka hata ua?"

"Ua? Najiat, jana nimekuletea asali mpaka mlangoni."

"Asali nimeila peke yangu. Ua wangeliona watu."

Alicheka kwa sauti laini, na Latifu, ambaye aliipenda sauti ile kuliko kitu chochote, akaweka ua.

Isidhaniwe kwamba kijana huyu aliuchukia mtandao tangu mwanzo. Aliupenda. Alipoweka picha ya mlango wake wa kwanza wa mninga, waliomjibu walikuwa wale aliosoma nao, nao walimwuliza hali ya mama yake kabla ya kuuliza habari za mlango. Baadaye, mmoja baada ya mwingine, wale aliowajua walinyamaza. Mahali pao wakaingia wauza dawa za kuongeza nguvu, wagombanao wasiojuana, na kichekesho kilekile kilichorudi kwa mara ya kumi kikiwa kimebadilishwa kofia. Baraza ambalo wenyeji wameondoka na kubakia wapita njia halina mazungumzo tena, lina kelele. Hakuna aliyemuudhi Latifu wala kumfukuza. Alichoka tu, kama mtu anavyochoka na ngoma iliyokesha hata wachezaji wakasahau nani anaolewa.

Zaidi ya hayo, mtandao ulimchosha kama mgeni wa tatu aliyekaa baina yake na mpenzi wake. Mara ya mwisho walipokwenda kula mishkaki karibu na stesheni, nyama ilipoa huku Najiat akiisogeza sahani huku na huku kutafuta mwanga.

"Nikikuambia nakupenda," alisema Latifu, "naona kwanza unatazama jua liko upande gani."

"Na wewe ukinyamaza, watu wanauliza kama tumeachana."

"Watu gani?"

Najiat alifungua mdomo ataje jina. Hakulipata hata moja.

Pamoja na hayo Latifu alituma washenga, na Mzee Mussa, fundi cherehani mwenye heshima zake mjini, aliwapokea. Ndoa ingefungwa baada ya mavuno ya asali. Shangazi Anifa, dada wa Mzee Mussa, mwanamke mnene mwenye dera la maua na sauti ya kuamuru, alifungua kundi la harusi simuni na kuwaingiza ndugu wa pande zote mbili. Tangu alfajiri hadi usiku kundi lilivuma: sare iwe kijani au dhahabu, nani kasahaulika, nani kamjibu nani vibaya, na katikati yake mafurushi ya picha za maua za kutakiana asubuhi njema. Latifu alisoma, akaacha kusoma, kisha akaanza kuogopa hata kuiwasha simu yake.

Wakati wa Latifu kwenda kambini kurina asali ukafika. Warina asali hukaa porini majuma kadhaa, mbali na minara ya simu. Kila mtu alilijua hilo, Najiat naye alilijua. Alasiri ya safari, akifunga mizigo yake, Latifu alifuta akaunti zake zote za mitandao. Alijisikia kama mtu aliyevua viatu vilivyombana. Kisha akampigia Najiat ili amweleze. Najiat alikuwa mubashara, akiwaonyesha wafuasi vitambaa vya harusi, akaikata simu.

"Nitamweleza nikirudi," Latifu alijisemea, akapanda pikipiki.

Hakujua kwamba anayefuta akaunti hutangazwa. Katika kundi la harusi, chini ya picha za sare, ulijitokeza mstari mmoja mfupi: Latifu ameondoka.

Najiat alipompigia, hakupatikana. Kabla ya magharibi Shangazi Anifa alikuwa ameshafika nyumbani kwa kaka yake, akihema.

"Mwanaume anayeondoka kwenye kundi la harusi yake ameondoka harusini! Sihitaji tafsiri."

Mzee Mussa aliinua mguu kutoka kwenye pedali ya cherehani. "Kijana yuko kambini. Pikipiki hufika kwa nusu siku. Kesho nitakwenda mwenyewe nikamwulize kwa mdomo."

"Baba, watu wameshaona!" Najiat alilia. "Wameshaanza kuniuliza huko kwenye ukurasa."

"Watu hao ndio watakaokuoa?"

"Kaka, usimfanyie mzaha mtoto," alisema Anifa. "Akinyamaza ataonekana kaachwa. Aseme yeye kwanza."

Baba alikuwa na haki, na binti alijua hivyo. Lakini fedheha haisubiri pikipiki. Najiat alijipaka wanja, akafunga kilemba cha dhahabu, akawasha simu. Mwanzoni alisema yaliyomuuma tu. Lakini watazamaji waliongezeka, mioyo myekundu ikapanda kwenye kioo kama povu, na kila alipoongeza ukali wao waliongezeka tena.

"Mama yake hakunitaka tangu mwanzo," alisema, na huo ulikuwa uongo. "Si mnawajua wamama wa namna ile? Macho mekundu kama makaa! Mwanawe hatoki ndani ya chungu chake." Akacheka.

Unyamwezini hilo si jambo la kuchekea. Macho ya Bi Kuluthumu yaliiva kwa moshi wa kuni, kwa miaka ya kuchemsha nta ili mwanawe asome. Lakini wapo wanawake walioitwa wachawi na kuuawa kwa sababu ya macho ya namna ile, bila hatia nyingine. Maneno yakaruka kutoka simu hadi simu mpaka kijijini. Watoto wakakatazwa kwenda kwake kuomba chumvi. Kisimani wanawake walimpisha kwa haraka isiyo ya heshima. Mzee Mussa hakwenda kambini tena; aliposikia yaliyosemwa, alifunga cherehani na kwenda kwa Bi Kuluthumu kumwomba radhi, akamkuta anafungasha. Usiku uliotangulia mawe yalikuwa yameanguka juu ya bati lake. Alikuwa anahamia Usoke kwa binti yake.

Latifu aliporudi na madumu ya asali alikuta kufuli. Mchana uleule, akiwa ameshasimuliwa yote na Mzee Mussa, alisimama mlangoni kwa akina Najiat, bado ananuka moshi wa kufukuzia nyuki.

"Mama yangu yuko wapi, Najiat?"

"Latifu! Uliondoka kundini bila neno…"

"Niliondoka mtandaoni. Kwako sikuondoka. Nilikupigia."

Najiat aliikumbuka simu aliyoikata.

"Ningejuaje?"

"Kwa kuniuliza! Baba yako alitaka kuja. Ulikuwa na njia ya kunifikia mimi, ukaenda kuwaambia watu wasionijua."

"Nitaifuta ile video. Sasa hivi, mpenzi wangu, tazama, naifuta."

"Ifute. Ukimaliza, ufute na mawe yaliyo juu ya bati."

Aliondoka bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililomliza Najiat zaidi.

Video aliifuta, lakini wengine walikwisha kuihifadhi. Kwa siku chache ukurasa wake ulijaa kuliko wakati wowote; wageni walimtetea, wageni walimtukana. Kisha akatokea mwimbaji aliyegombana na mkewe, na umati wote ukahamia huko. Mtandao ulisahau. Kijiji hakikusahau.

Najiat aliendelea kuonyesha kanga kwa muda. Lakini kila alipokishika kile kijiti alihisi kama anatafuna makapi ya muwa ambao utamu wake ulishamezwa zamani. Alikuwa amewapa watu wale kitu alichokithamini kuliko vyote, nao walikionja, wakakitema, wakaenda zao. Siku moja, mchana kweupe, mteja akiwa anachagua mitandio, alifunga ukurasa wake. Alisubiri. Katika maelfu yale hakuna hata mmoja aliyeuliza amepotelea wapi.

Akapanda treni kwenda Usoke.

Bi Kuluthumu alikuwa anachambua karanga uani. Najiat alipiga magoti.

"Shikamoo, mama."

Bi Kuluthumu alichambua kwanza karanga zilizokuwa kiganjani. "Marahaba."

"Sikuja kuomba ndoa. Nimekuja kuomba ruhusa yako. Nataka nipite kijijini kwako, nyumba kwa nyumba, niseme nilidanganya."

"Watakufukuza, binti yangu."

"Wanifukuze. Wewe ulifukuzwa bila kosa."

Mama yule aliendelea na karanga zake. "Mimi nilikusamehe zamani. Chuki ni mzigo, na mgongo wangu umechoka. Nenda."

Alikwenda, akiwa na viatu vya chini na kanga ya kawaida, baba yake akimfuata nyuma. Wengine walimkaribisha kiti. Wengine walifunga mlango kabla hajamaliza salamu.

"Mbona hukusema haya kwenye simu yako, ulikosemea yale?" aliuliza mzee mmoja aliyeitwa Masolwa.

"Kule nilikuwa nasema na watu wasiomjua Bi Kuluthumu, babu. Ninyi mnamjua."

Masolwa aliutazama ukuta, kwani yeye naye alikuwa amemkataza mjukuu wake kuomba chumvi. Jioni ile alituma ujumbe Usoke kwamba nyumba itafagiliwa, Bi Kuluthumu arudi. Mvua za kwanza ziliponyesha, Bi Kuluthumu alirudi kwake, na akamwalika Najiat chakula cha mchana.

Palikuwa na ugali, mlenda wa karanga, na kuku aliyechinjwa kwa heshima ya mgeni. Mama alimpakulia paja, akamwuliza hali ya baba, akamwombea dua. Lakini alikuwa ameivuta kanga mpaka chini ya paji la uso, na tangu mwanzo wa chakula hadi maji ya kunawa hakumtazama. Alipozungumza na mwanawe aliinua uso. Alipomgeukia Najiat aliuinamisha.

Nje, Latifu alisimama karibu naye. Alivaa kanzu safi, na mkononi bado alikuwa na harufu ya mninga.

"Mama amekusamehe. Na mimi, Najiat, nilijaribu kukuacha moyoni, nimeshindwa. Nimrudishe mshenga kwa baba?"

Najiat alikuwa amelisubiri neno hilo kila usiku aliokosa usingizi. Akalisikia, na akatikisa kichwa.

"Hukuona?"

"Nini?"

"Ndani ya nyumba yake mwenyewe, Latifu, ananificha macho yake. Hanichukii. Anaogopa nisije nikayaona. Nikiwa mkeo atayaficha kila asubuhi mpaka azikwe."

"Atazoea."

"Asizoee. Mimi ndiye niliyemfundisha kuyaonea haya. Siwezi kuwa ndiye wa kumkumbusha."

Latifu alitazama chini, maana naye alikuwa ameona, tena kabla yake.

"Basi," alisema mwishowe, "nikusindikize."

Kwa watu wao, anayesindikizwa ni mgeni. Wa nyumbani huondoka na kurudi peke yake. Neno lilipokwisha kumtoka, wote wawili walilielewa, na hakuna aliyelirudisha.

Walishika njia pamoja, bega karibu na bega, bila kugusana. Harufu ya udongo uliolowa ilipanda kutoka mashambani. Walipofika barabara kuu, Najiat alisimama.

"Hapa panatosha."

"Bado kidogo," alisema Latifu, na wakaendelea kutembea.