Dakika Nne Zilizokatwa

Foleni ya dawa hospitalini ilikuwa ndefu siku hiyo, watu wamebanana na vikohozi vyao. Bibie mmoja mwenye gauni la kijivu na kilemba cha zambarau alisimama zake kimya, akiomba asijulikane. Enzi zake mji mzima ulimwita Macho. Alicheza filamu saba, na baada ya hiyo ya saba akaacha ghafla, akaenda kupiga chapa barua za watu ofisini mpaka akastaafu. Sababu hakumwambia mtu.

Mzee aliyekuwa nyuma yake akamgusa bega.

"Samahani, dada. Wewe si Macho?"

"Umenifananisha, kaka."

"Basi huyo mnayefanana naye ana shingo nzuri."

Akageuka amchambe, akajikuta anacheka. Mzee alikuwa na shati jeupe lililonyooshwa vizuri na miwani iliyofungwa uzi. Ndiye aliyeendesha mashine za filamu katika jumba kubwa la sinema la mjini; Fundi, ndivyo walivyomwita. Filamu zote saba za Macho zilipita mikononi mwake.

Haya, mapenzi hayaulizi umri. Simu zikaanza. Asubuhi Fundi anauliza kama amekunywa dawa, mchana kama amekula, jioni anayarudia maswali ya mchana, mradi asikie sauti. Mpwa wake bibie, aliyeishi naye, akamtania kwamba siku hizi shangazi anapaka wanja hata wa kwenda dirishani. Mwezi wa tatu, wakinywa chai, Fundi akatamka kwamba anataka kumwoa.

Bibie akasema yuko tayari, ila kwanza ajue anamwoa nani. Ndipo akaitoa siri. Filamu ya saba iliishia kwa kifo chake, dakika nne nzima, na alijiandaa kwa miezi miwili. Mwongozaji akafa ajalini kabla filamu haijaonyeshwa. Siku ya onyesho la kwanza, mbele ya wakubwa wote, dakika hizo hazikuwemo. Akaamini marehemu alizikata kwa sababu yeye alicheza vibaya. Magazeti yakamcheka, yakasema Macho katoweka katikati ya filamu kama mtu aliyetumwa chumvi. Tangu hapo, kila asubuhi kwa miaka thelathini na sita, alisimama mbele ya kioo akafa upya, akitafuta alipokosea. Ziko siku, aliapa, yule wa kwenye kioo alianza kufa kabla yake.

Fundi akaiacha chai, akaaga, akaenda.

Siku tisa simu haikulia. Bibie akamwambia mpwa wake kwamba hata huyu kaona aibu kumwoa mwigizaji aliyeshindwa, na safari hii hakuona haya kulia. Siku ya kumi Fundi akapiga: njoo kwangu, tafadhali, usiniulize kitu.

Sebuleni mapazia yalikuwa yameshushwa, mashine kuukuu ya filamu iko juu ya meza ya kulia. Fundi akatia ukanda mfupi. Ukutani akatokea binti wa miaka ishirini na miwili, kalala kitandani. Hakulia, hakutapatapa. Alikiaga chumba kitu kimoja kimoja: dirisha, kikombe, mkono wake mwenyewe. Kisha akaacha tu kutazama. Bibie alitafuta kosa, hakuliona.

"Ulikuwa wapi huu?"

"Kabatini kwangu. Niliukata mimi."

Akaeleza huku kainamisha kichwa. Siku moja kabla ya onyesho aliijaribu filamu peke yake, akamwona anakufa. Alikuwa akimpenda kimyakimya, kutoka kwenye kile kidirisha cha nyuma. Filamu ingeonyeshwa mara tatu kila siku, naye akaona hawezi kumzika mara tatu kila siku. Nakala ilikuwa moja tu, mwongozaji hayupo, nani angejua? Bibie alipoacha kuigiza, Fundi alidhani kapata mume.

"Sikuweza kukutazama ukifa, Macho. Nilikupenda."

"Yule alikuwa afe dakika nne, ainuke, anawe uso, aende kwao," bibie akasema polepole. "Wewe umemuua miaka thelathini na sita."

"Nisamehe. Niambie nifanye nini."

"Ungeniambia wiki ile ile ya onyesho. Ningekutukana matusi yote ninayoyajua, halafu ningeolewa na wewe."

Fundi akauliza kama sasa basi, ya ndoa yamekwisha. Bibie alikuwa amekwisha kuvuta kiti mbele, karibu na ukuta.

"Rudisha mwanzo," akasema.

Fundi akaurudisha ukanda, akaiwasha tena mashine, machozi yakimdondoka kwenye shati. Bibie hakugeuka kumtazama.